Beom-seok Aliharibikia Wapi? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Tamthilia ya Weak Hero

Barua nyingi zilizofika mwezi huu zinahusu tamthilia moja ya Kikorea, na karibu zote zinamtaja kijana yuleyule. Kwa ambao hawajaitazama, kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Weak Hero Class 1 ina sehemu 8, ilianza kuonyeshwa Korea Kusini tarehe 18 Novemba 2022 kwenye jukwaa la Wavve, na imeongozwa na Yoo Soo-min kutokana na katuni ya mtandaoni iliyoandikwa na Seopass na kuchorwa na Razen. Yeon Si-eun, anayeigizwa na Park Ji-hoon, ndiye anayeongoza kwa alama katika shule ya sekondari ya Byuksan. Ni kijana mwembamba, mkimya, asiye na rafiki. Ahn Su-ho, anayeigizwa na Choi Hyun-wook, ni hodari wa kupigana ambaye mchana hulala darasani kwa sababu baada ya masomo anafanya vibarua. Oh Beom-seok, anayeigizwa na Hong Kyung, ni mwanafunzi aliyehamia shuleni hapo, mtoto wa kuasiliwa wa mbunge. Watatu hao wanakuwa marafiki, na kabla msimu haujaisha mmoja wao anasababisha mwenzake alazwe hospitalini bila fahamu. Anayetaka kuitazama bila kujua yaliyomo aiache safu hii hadi atakapomaliza.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita mkoani Tanga. Bwenini kwetu tumegawanyika pande mbili kuhusu Beom-seok. Wenzangu wanasema waandishi walimlazimisha awe mbaya ili hadithi ipate mwisho wa kusikitisha, kwa kuwa hadi sehemu ya nne alikuwa kijana mwema kabisa, akiwapenda marafiki zake. Mimi ninasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba alikuwa mbaya tangu mwanzo akajificha. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini nakuomba urudi kwanza kwenye sehemu ya kwanza, kwa sababu jibu liko pale na wengi hulipita haraka wakikimbilia mapigano. Tendo la kwanza kubwa la Beom-seok katika tamthilia hii ni la usaliti. Jeon Yeong-bin, mbabe wa darasa, anamwamuru ambandike Si-eun shingoni plasta yenye fentanili, dawa kali mno ya kutuliza maumivu, ili Si-eun alegee na kushindwa mtihani. Beom-seok anatii. Hana chuki yoyote na Si-eun, wala hamfahamu. Anamwogopa Yeong-bin tu. Kwa hiyo wanaosema aligeuka ghafla kuelekea mwisho wanasahau kwamba tulikutana naye akiwa tayari anamdhuru asiye na hatia kwa sababu ya hofu. Baadaye akasamehewa. Si-eun hakumdai maelezo marefu, Su-ho akamkaribisha mezani kana kwamba hakuna kilichotokea, na sisi watazamaji tukamsamehe pamoja nao kwa sababu alikuwa na uso wa huruma.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe kidogo kuhusu methali uliyoitumia. Methali hiyo inamtazama aliyeumwa; tamthilia hii inamtazama anayeuma, na inataka tujue meno yale yaliota lini. Beom-seok aliasiliwa na mwanasiasa aliyehitaji kuonekana mbele za watu kuwa mtu mwema, na nyumbani baba huyohuyo anampiga. Katika shule aliyotoka alikuwa akionewa. Maisha yake yote amejua uhusiano wa aina moja tu kati ya binadamu, nao ni wa juu na chini: kuna anayepiga na kuna anayepigwa, kuna anayeamuru na kuna anayetumwa. Anapoingia katika urafiki wa Si-eun na Su-ho, ambao hauna ngazi yoyote, hajui asimame wapi. Badala ya kustarehe, anaanza kuitafuta nafasi yake katika ngazi isiyokuwepo.

Tazama anavyotumia fedha. Yeye ndiye mwenye uwezo kati yao, na kila mara anajitahidi kulipa. Mtu asiyeangalia kwa makini atasema ni ukarimu, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini ni ukarimu wa mtu anayeamini kwamba asipolipia kiti chake ataondolewa. Su-ho, anayefanya kazi kwa mikono yake hadi usingizi unamwangusha juu ya dawati, hana haja ya kununuliwa, na kutohitaji kwake kunamtisha Beom-seok kuliko tusi lolote. Rafiki asiyenunulika hawezi kushikiliwa.

Kisha kuna lile suala la Instagram ambalo barua yako haikulitaja, ilhali mimi naliona ndilo kiini cha msimu mzima. Beom-seok anamfuata Su-ho kwenye Instagram, naye Su-ho hamfuati. Hilo peke yake lingepita. Anaposhika simu na kugundua kwamba Su-ho anamfuata Young-yi, msichana aliyejiunga nao baadaye, uso wa Hong Kyung unafanya jambo dogo sana: hakunji ndita, halii, anatazama tu kioo cha simu kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Hakuna muziki wa kutuambia tuogope. Lakini kuanzia hapo kila jambo atakaloliona analisoma kwa miwani hiyo. Su-ho akicheka na Young-yi, wanamcheka yeye. Su-ho akimkosoa, amemdharau. Su-ho akimsahau kwa jioni moja, ameachwa. Hakuna hata mmoja kati ya marafiki zake aliyemkosea kwa makusudi, na waandishi wamehakikisha hatupati adui wa nje wa kumtupia lawama. Kijana aliyeonewa kwa miaka mingi amejifunza kuwahi kuiona dharau kabla haijafika, kwa sababu zamani kuiona mapema kulimsaidia kupunguza kipigo. Sasa ujuzi uleule unamwonyesha dharau mahali ambapo haipo.

Kibaya zaidi, hasemi. Mara nyingi ninapotazama sehemu ya tano natamani amwulize Su-ho swali moja la wazi, hata kwa hasira. Su-ho ni mtu ambaye angecheka, akachukua simu, akabonyeza, na mambo yakaisha. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba unaumia, na nyumbani kwa mbunge yule kukiri maumivu hakujawahi kumletea mtoto faida.

Akishaondoka katika kundi, Beom-seok hageuki mtu mpya. Anarudia kazi aliyofundishwa akiwa upande wa kupokea. Anawalipa vijana walewale waliomdhalilisha ili wawe chini yake, anakodi nguvu za watu wengine, na katika ulingo ambapo Su-ho anapigwa na mpiganaji aliyeletwa kwa ajili yake, Beom-seok anaongeza kipigo chake mwenyewe wakati mwenzake hajiwezi tena. Ukimtazama vizuri pale utaona hana raha. Anafanana na mtu anayesubiri Su-ho ainuke amwambie jambo fulani.

Kuhusu wenzako wa bwenini, nawapa haki katika hoja moja. Kutoka wivu hadi kukodi mpiganaji ni safari ndefu, na tamthilia imeibana mno. Sehemu ya sita ilihitaji usiku mmoja zaidi wa Beom-seok akiwa peke yake, akisitasita, labda hata akijaribu kurudi nyuma. Tamthilia za zamani zenye sehemu 16 zingempa nafasi hiyo. Hizi za siku hizi zinazotengenezwa kwa ajili ya majukwaa ya mtandaoni zina haraka yake, na haraka hiyo humwumiza zaidi mhusika anayeharibika kuliko anayetengenea, kwa kuwa mema tunayaamini upesi.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi, mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika kaunti ya Kakamega. Wanafunzi wangu wanamsifu Si-eun kuwa shujaa. Mimi simwoni akikua. Anaanza akiwa na uso uleule mkavu na anamaliza akiwa na uso uleule, isipokuwa mwishoni amewajeruhi watu wengi zaidi. Je, hayo ni maendeleo ya mhusika au ni kuporomoka kwake? Na je, hudhani tamthilia hii inawafundisha vijana kwamba dawa ya mbabe ni kalamu iliyochongoka?

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa swali lililopimwa vizuri. Nitaanza na uso. Park Ji-hoon alijulikana kwanza kama mwimbaji wa kundi la Wanna One, na waliomfahamu kwa tabasamu la jukwaani walishtuka kumwona katika nafasi hii akiwa kama ukuta. Uso wake ni mkavu kwa makusudi, kwa hiyo mabadiliko yametafutiwa mahali pengine. Mwangalie masikioni. Mwanzoni vipokea sauti havimtoki; ndivyo vinavyomwezesha kukaa katikati ya watu zaidi ya ishirini bila kuwa nao. Mwangalie pia anavyokula. Wazazi wake wametengana, kila mmoja ana shughuli zake, na chakula kwake ni jambo la kumaliza ili arudi kwenye vitabu. Kadiri Su-ho anavyomvuta, Si-eun anaanza kuketi mezani na wenzake, kusubiri, kusikiliza upuuzi wao, na kuna nyakati mdomo unataka kucheka kisha unajizuia. Kwa kijana wa aina hiyo huo ni mwendo mrefu.

Sasa linganisha mapigano mawili. La kwanza ni lile la darasani baada ya kisa cha plasta. Si-eun hana nguvu, kwa hiyo anatumia kilichopo: anamfunika mmoja kwa pazia la dirisha na kumpiga kwa kitabu kinene, kisha anashika kalamu. Linaloogofya ni utulivu wake. Anapigana kama anayekokotoa swali la fizikia, akipima umbali na uzito, na ni Su-ho anayemzuia kabla hajavuka mpaka. La mwisho, baada ya Su-ho kulazwa, ni jambo jingine kabisa. Hesabu zimemtoka. Anakwenda kwa mmoja baada ya mwingine akiwa amejaa ghadhabu, na safari hii aliyekuwa akimzuia yuko kitandani hajitambui. Katika pambano la kwanza alijitetea mwenyewe bila kuhisi chochote. Katika la mwisho anahisi kila kitu na hajui afanye nini na hisia hizo. Kwa hiyo nakujibu kwamba ni vyote viwili kwa wakati mmoja. Urafiki ulimfungua, na kwa kufunguliwa akawa mtu anayeweza kuvunjika.

Ushahidi mkubwa zaidi ni kwamba anapomfikia Beom-seok anashindwa. Wengine wote amewapiga, lakini mbele ya huyu aliyekuwa chanzo cha yote mkono hauendi, na ghadhabu yake inaishia kwenye kioo cha dirisha la shule. Si-eun wa sehemu ya kwanza asingesita hata kidogo, kwa kuwa kwake Beom-seok alikuwa jina tu kwenye orodha ya mahudhurio.

Kuhusu wanafunzi wako, nakubaliana nawe kuliko unavyotarajia. Hadithi yenyewe haimpi Si-eun zawadi yoyote: anapoteza rafiki, anapoteza shule, anahamishiwa Eunjang, shule yenye sifa mbaya. Lakini kamera haisemi hivyo. Kamera inapenda ngumi, inazipunguza mwendo, inazipangia mwanga, na kijana wa miaka 15 huitii kamera kabla ya kuisikiliza hadithi. Kama ningekuwa na kipindi cha saa moja na wanafunzi hao ningewaonyesha dakika za dirisha peke yake, kisha nikawauliza kwa nini mtu aliyeshinda kila pambano analia.

SWALI: Kaka na dada wa gazeti, salamu kutoka Muscat. Swali langu ni fupi. Su-ho ni mwema mno, hodari mno, mcheshi mno. Hana badiliko lolote. Yuko pale kwa kazi gani zaidi ya kuumizwa ili wengine wasikitike?

JIBU: Kweli, Su-ho ndiye anayebadilika kidogo kuliko wote, na hilo halinisumbui, kwa sababu wahusika wawili wanaobadilika kwa kasi wanahitaji mmoja aliyesimama imara ili tupime mwendo wao. Lakini usimpe utakatifu ambao waandishi hawakumpa. Su-ho ana kasoro inayofichwa na ucheshi wake: husaidia watu kama mpita njia anayeondoa jiwe barabarani, kisha anaendelea na safari bila kugeuka nyuma. Alelewaye na bibi na kujitafutia riziki mapema hujifunza kutoyapa mambo uzito. Kwake kumwokoa Beom-seok lilikuwa jambo la siku moja; kwa Beom-seok lilikuwa jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kumtokea. Pengo kati ya vipimo hivyo viwili ndilo lililozaa janga, na Su-ho hakuwahi kujua kwamba pengo lipo. Utaona kwamba anapotanabahi kuwa mwenzake amekasirika, anajaribu kupatana kwa njia yake ya kawaida, kwa wepesi na mzaha, na wepesi huo ndio unaozidi kumchoma Beom-seok.

SWALI: Mimi ni mzazi, niko Mombasa, na nina binti wa miaka 13 anayezipenda sana tamthilia hizi. Nilikaa naye tukatazama, nikabaki nikijiuliza: walimu wako wapi? Wazazi wako wapi? Watoto wanauana kwa ngumi na hakuna mtu mzima anayefungua mlango. Je, Korea ndivyo ilivyo, au ni chumvi ya watunzi?

JIBU: Chumvi ipo, mzazi mwenzangu, lakini chakula chenyewe ni cha kweli. Uonevu wa shuleni ni suala la kitaifa Korea Kusini. Sheria ya kuzuia ukatili shuleni ilitungwa mwaka 2004. Mwezi Desemba 2011 mwanafunzi mmoja wa shule ya kati mjini Daegu alijiua baada ya kuteswa na wenzake, nchi ikatikisika, na Februari 2012 serikali ikatangaza mpango mpana wa kukabiliana na tatizo hilo. Tangu mwaka 2020 kamati zinazosikiliza kesi hizo zimeondolewa mikononi mwa shule moja moja na kupelekwa katika ofisi za elimu za wilaya, kwa sababu mojawapo kwamba shule zilikuwa zikilinda jina lao. Februari 2023 mwanasheria aliyekuwa ameteuliwa kuongoza ofisi ya taifa ya upelelezi wa polisi alijiuzulu siku moja tu baada ya uteuzi, kisa cha mwanawe kumwonea mwenzake shuleni kilipofufuka. Aprili mwaka huohuo serikali ilitangaza kwamba kumbukumbu za makosa mazito zitatunzwa kwa miaka minne badala ya miwili, na kwamba vyuo vikuu vyote vitalazimika kuzizingatia katika kupokea wanafunzi. Kwa hiyo watunzi wanaandika kuhusu jambo ambalo watazamaji wao wanalijadili mezani.

Kuna pia jambo la mpangilio wa shule ambalo mtazamaji wa huku anaweza kutolitambua. Katika shule nyingi za Korea wanafunzi wa darasa moja hukaa pamoja karibu siku nzima, mwaka mzima, katika chumba kilekile, na walimu ndio wanaoingia na kutoka. Mtoto aliyeingia darasa moja na mbabe wake hana pa kukimbilia hadi mwaka uishe. Ndiyo maana matukio mengi mabaya hutokea katika dakika zile za mapumziko kati ya mwalimu mmoja na mwingine, na ndiyo maana kuhama shule huonekana mara nyingi katika tamthilia hizi. Beom-seok alihama kwa sababu ya kuonewa, na Si-eun anahama baada ya kulipiza.

Hata hivyo swali lako kuhusu watu wazima lina jibu jingine. Katika Weak Hero wameondolewa makusudi. Mbunge yupo, lakini anamwona mwanawe kama picha ya kampeni. Wazazi wa Si-eun wapo kwa simu. Walimu wanataka karatasi zisainiwe na jina la shule lisichafuke. Mtunzi anataka vijana wabaki peke yao ili kila uamuzi uwe wao. Mimi naiheshimu njia hiyo ingawa siipendi sana.

Kama unatafuta tamthilia ya kutazama na binti yako, ningekuelekeza kwenye School 2013, iliyorushwa na KBS2 kuanzia tarehe 3 Desemba 2012 hadi 28 Januari 2013, yaani mwaka uleule nchi ilipokuwa bado na jeraha la Daegu. Humo walimu wamo katikati: Jang Na-ra ni mwalimu anayeamini wanafunzi hata wanapomchosha, na Choi Daniel ni mwalimu maarufu wa masomo ya ziada aliyekuja kwa ajili ya matokeo ya mtihani. Wanafunzi wawili, Go Nam-soon anayeigizwa na Lee Jong-suk na Park Heung-soo anayeigizwa na Kim Woo-bin, walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Nam-soon aliongoza kundi la wababe, Heung-soo akataka kutoka ili acheze mpira, na Nam-soon akamwumiza mguu hadi ndoto ya mpira ikafa. Wanakutana tena katika darasa moja. Unaona jinsi kisa hicho kinavyokaribiana na cha Beom-seok: rafiki anamharibia rafiki kwa kuogopa kuachwa. Tofauti ni kwamba Nam-soon na Heung-soo wanapewa muda wa kugombana mbele ya macho yetu, kunyamaziana, kupigana, kuulizana maswali machungu, na upatanisho wao unakuja kidogo kidogo, kama kitu kilicholipiwa. Mbabe wa darasa lao, Oh Jeong-ho, mwenye baba mlevi na mkali, hapatanishwi na chochote kwa urahisi. Anaacha shule, na tamthilia inakwisha walimu wakiwa bado wanamsubiri darasani. Ujasiri wa kutomtengeneza kwa nguvu kijana huyo ndio unaonifanya niitaje tamthilia hiyo zaidi ya miaka 10 baadaye. Msimu wa kwanza wa Weak Hero, kwa binti wa miaka 13, ningeusogeza mbele miaka michache.

SWALI: Amani kwenu. Mimi ni msomaji wa Bujumbura. Nilimaliza msimu wa kwanza nikiwa na majonzi, kisha nikasikia msimu wa pili umetoka na kwamba Su-ho anaamka. Je, si kurudia hadithi ileile kwa majina mapya? Na je, kuamka kwake hakufuti kila kitu tulichokililia?

JIBU: Amani kwako pia, ndugu yangu. Msimu wa pili, Weak Hero Class 2, ulitolewa na Netflix tarehe 25 Aprili 2025, nao pia una sehemu 8. Katika katuni ya asili maisha ya Si-eun pale Eunjang ndiyo hadithi kuu, na kisa cha Byuksan kilikuwa historia yake ya nyuma. Tamthilia ilianza na historia hiyo na kuifanya msimu mzima, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa uamuzi bora kuliko yote waliyoyafanya. Lakini uamuzi huo una gharama. Msimu wa pili una wahusika wengi, makundi mengi, na muungano wa wababe wa shule mbalimbali, hivyo undani wa watatu wale wa mwanzo haupatikani tena kwa kiwango kilekile. Ukiutazama kwa ajili ya kina cha wahusika peke yake, utachoka katikati.

Kuna sehemu moja ambapo kurudia kunazaa matunda, nayo ni Seo Jun-tae, anayeigizwa na Choi Min-yeong. Jun-tae yuko mahali hasa alipokuwa Beom-seok mwanzoni: dhaifu, mwoga, anayetumwa na mbabe Choi Hyo-man kufanya maovu ambayo mwenyewe hayataki. Watunzi wamemweka mbele ya Si-eun kama mtihani wa marudio. Si-eun wa Eunjang amejifungia zaidi kuliko wa Byuksan, kwa sababu sasa anajua urafiki unaweza kuishia wapi, na kumsaidia kijana wa aina ileile ni kujihatarisha tena kwa macho wazi. Jun-tae anachagua tofauti na Beom-seok, na anachagua mapema, kabla hajalindwa na mtu. Anasimama akiwa bado mnyonge, anapigwa, na haoni aibu kuwa mnyonge. Huyo ndiye mhusika wa msimu wa pili ninayemkumbuka, kuliko Na Baek-jin mwenye nguvu na mavazi nadhifu, ingawa Baek-jin naye ana jeraha lake linalomhusu rafiki wa zamani, Park Hu-min, na ukilitazama vizuri utaona kivuli cha Beom-seok aliyefanikiwa kupanda ngazi hadi juu.

Kuhusu Su-ho kuamka, nilikuwa upande wako nilipoanza kutazama, kwa kuwa tamthilia nyingi za Kikorea hutumia kuzinduka kwa mgonjwa kama sabuni ya kuosha dhambi za waandishi. Safari hii nimeikubali kwa sababu ya wakati walioichagua. Su-ho haamki ili amsaidie Si-eun kushinda pambano. Vita vimekwisha na marafiki wapya wameshapatikana bila yeye. Anapomwona Si-eun akiwa na kundi la vijana asiowajua, anataka kujua kama ni rafiki zake, na Si-eun, ambaye katika sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza asingekuwa na jibu la swali hilo kuhusu mtu yeyote duniani, anakubali kwamba ndio. Kama wangemwamsha sehemu mbili kabla, ningekuunga mkono.